Sura ya Saba: Maziwa Hufuata Hori

Hakuna ng'ombe anayetengeneza iodini. Anaweza kuyageuza majani makavu kuwa nyama, siagi na ndama, lakini iodini ambayo haikuingia mdomoni mwake wala kugusa ngozi yake haiwezi kutokea katika maziwa yake. Ndiyo maana lita moja ya maziwa ya mahali fulani huweza kuwa na iodini mara kumi kuliko lita ya mahali pengine, ingawa yote ni meupe na yote yametoka katika kiwele cha mnyama wa jamii moja. Vipimo vya maziwa katika nchi mbalimbali vimetoa viwango vinavyoanzia chini ya mikrogramu 50 kwa lita hadi kuzidi 500. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo huamuliwa na mikono miwili: mkono unaojaza hori, na mkono unaosafisha kiwele.

Sura hii inaifuata mikono hiyo hadi Eringeti, mji mdogo ulio ukingoni mwa kaskazini mwa eneo la Beni, Kivu Kaskazini, kando ya barabara ya taifa namba 4, muda mfupi kabla ya kuingia Ituri. Eringeti si nchi ya maziwa. Ni nchi ya msitu, kakao, mpunga, ndizi na mihogo. Wafugaji wakubwa wako kwingine: Wahema katika nyanda za Ituri, na wenye ng'ombe wa maziwa katika vilima vya Lubero kusini mwa Butembo. Kwa sababu hiyo hiyo Eringeti inatufaa. Mahali ambapo kikombe cha maziwa ni cha nadra na hununuliwa kwa jasho, mama anayemnunulia mtoto wake ana haki ya kujua kilichomo.

Mbali na bahari

Ghala kuu la iodini duniani ni bahari. Mfaransa Bernard Courtois aliigundua mwaka 1811 katika majivu ya mwani, na hadi leo samaki na mimea ya baharini ndiyo vyakula vinavyoibeba kwa wingi. Kutoka baharini iodini hupanda hewani, huchukuliwa na upepo, kisha hushuka na mvua na kuingia ardhini. Lakini mvua hiyo hiyo ikiwa nyingi, na ardhi ikiwa na mteremko, huikokota iodini na kuirudisha mitoni. Nchi za milima na mvua zilizo mbali na pwani hupoteza kila upande. Eringeti iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Mashariki yake kuna bonde la Semuliki, na juu ya bonde hilo milima ya Rwenzori. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima.

Mwili wa mtu hauhitaji iodini nyingi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, na 90 kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kiasi cha kumtosha mtu maisha yake yote hakijazi kijiko cha chai. Lakini kikikosekana, tezi ya shingoni, ile ambayo madaktari huiita thairoidi, hushindwa kutengeneza homoni zake. Hujitanua ili kunasa kidogo kinachopita, na shingo huota rovu. Rovu huonekana, na kila mtu hulitaja. Madhara makubwa zaidi hayaonekani kwa macho: ubongo wa mtoto aliye tumboni hujengwa kwa msaada wa homoni hizo, na mama akipungukiwa sana mtoto huweza kuzaliwa kiziwi, mdumavu na mwenye akili iliyozuiliwa isikue. Hasara hiyo hairudishwi na dawa yoyote baadaye.

Kivu inayajua haya kuliko sehemu nyingi za dunia. Katika miaka ya 1960 watafiti wa kituo cha sayansi cha Lwiro, wakiongozwa na Wabelgiji François Delange na André Ermans, walivuka Ziwa Kivu kwenda kisiwa cha Idjwi. Waliyoyakuta huko yaliwashangaza. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi ni mtu mmoja hivi kati ya ishirini. Walipopima iodini waliona kwamba pande zote mbili zilikuwa na upungufu ule ule. Kama upungufu peke yake ungekuwa sababu, shingo zote za Idjwi zingevimba sawasawa. Lazima kulikuwa na jambo la pili.

Jambo hilo lilikuwa muhogo. Utafiti uliofuata kisiwani, na baadaye Ubangi kaskazini-magharibi mwa nchi, ulikusanywa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1980, nacho kilithibitisha kwamba muhogo usioondolewa sumu vizuri huzidisha rovu pale ambapo iodini tayari ni haba. Ugunduzi huo ulihusu binadamu. Lakini ng'ombe ana tezi ile ile shingoni, na kiwele chake kinafuata sheria ile ile.

Mlango wa kiwele

Iodini anayokula ng'ombe huingia katika damu yake, na humo huzunguka ikisubiri kuchukuliwa. Viungo viwili huigombea zaidi: tezi ya shingoni, inayotengeneza homoni, na kiwele, kinachoipeleka kwa ndama. Figo nazo huitoa nje kwa mkojo bila kupumzika. Katika chembe hai za tezi na za kiwele kuna protini maalumu inayoivuta iodini kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996. Tuiite mlango. Mlango ukiwa wazi, maziwa hupata iodini nyingi kuliko ile iliyo katika damu yenyewe.

Shida ni kwamba mlango huu hauwezi kutofautisha vizuri iodini na mgeni mmoja anayefanana nayo: thiosianati. Mgeni huyu akijaa katika damu, husongamana mlangoni. Iodini hubaki nje, na mwisho wake huwa mkojoni. Wanasayansi wa Denmark waliona jambo hili kwa akina mama wanaovuta sigara, maana moshi wa tumbaku huleta thiosianati mwilini. Maziwa yao ya kunyonyesha yalikuwa na nusu tu hivi ya iodini iliyokuwamo katika maziwa ya akina mama wasiovuta.

Sasa tuulize thiosianati ya Eringeti inatoka wapi. Muhogo una linamarini ndani ya mizizi, ganda na majani. Mmea ukikatwa, ukitwangwa au ukitafunwa, linamarini huvunjika na kutoa sianidi, sumu inayoweza kuua. Mwili hujiokoa kwa kuifunga sianidi hiyo na salfa ya protini, na kinachopatikana ni thiosianati. Haiui, lakini inaziba mlango. Tumbo la ng'ombe lenye mabilioni ya vijidudu ni mahali pazuri pa kuivunja linamarini, na ini lake hufanya kazi ile ile ya kuokoa. Kwa hiyo ng'ombe anayelishwa maganda mabichi ya muhogo kila siku anapata hasara mara mbili: chakula chenyewe kina iodini kidogo, na kidogo hicho huzuiwa kuingia katika maziwa.

Katika vilima vya Butembo na Lubero muhogo si mfalme, lakini kabichi ipo tele. Kabichi, kama ndugu zake wote wa jamii ya haradali, ina kemikali ambazo zikivunjika hutoa vitu vya kundi hilo hilo la wapinzani wa iodini. Ulaya jambo hili limepimwa sana, kwa sababu ng'ombe wa huko hulishwa mashudu ya rapa, mmea wa jamii moja na kabichi. Katika majaribio, ng'ombe waliolishwa mashudu hayo walitoa maziwa ambayo iodini yake ilipungua kwa nusu hivi, na wakati mwingine zaidi, ingawa iodini waliyokula ilikuwa sawa na ya wenzao. Mfugaji wa Lubero anayebeba majani ya kabichi kutoka sokoni jioni na kuyamwaga horini anaifanya kemia ile ile, lakini ng'ombe anayekula majani hayo kidogo pamoja na nyasi nyingi hatadhurika. Tatizo ni yule ambaye kabichi ndiyo chakula chake kikuu.

Hapa vita vinaingia horini. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu kutoka mashamba yao mara nyingi, na Eringeti imeonja uchungu huo zaidi ya miji mingi. Mtu asiyeweza kwenda mbali kukata majani humlisha mnyama wake kilicho karibu na mlango wa nyumba, na katika nchi ya mihogo kilicho karibu ni maganda. Watu wenyewe nao hupunguza siku za kuloweka muhogo kwa sababu njaa haingoji. Haraka ya namna hiyo imeleta madhara kwingine pia, kuanzia kaskazini mwa Msumbiji hadi Kwango magharibi mwa Kongo, ambako muhogo ulioharakishwa umewapoozesha watu miguu kwa ugonjwa wa konzo. Anayetaka kuelewa maziwa ya mahali penye vita lazima aangalie njia ambazo mfugaji anaogopa kuzipita.

Mahali patatu palipobadilishwa na maziwa

Ikiwa hori linaweza kupunguza iodini, linaweza pia kuiongeza, na zipo nchi zilizoponywa kwa njia hiyo. Norwei ilikuwa na rovu katika mabonde yake ya ndani, mbali na samaki wa pwani. Kuanzia karibu mwaka 1950 iliagiza iodini itiwe katika chakula cha ng'ombe. Nia ya kwanza ilikuwa afya ya mifugo, lakini maziwa yaliibeba iodini hadi mezani, na rovu likatoweka kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa lolote kuhusu iodini.

Uingereza ilipita njia hiyo hiyo bila kupanga. Rovu lilikuwa la kawaida katika wilaya kama Derbyshire. Kisha wafugaji wakaanza kutumia vyakula vya viwandani vyenye madini yaliyoongezwa, na tangu 1946 watoto wa shule wakapewa maziwa bure. Rovu likafifia hata kabla wengi hawajajua sababu. Lakini baraka isiyojulikana chanzo chake ni rahisi kuipoteza. Maziwa yalipopungua mezani, upungufu ulirudi polepole: uchunguzi wa wasichana wa shule uliotangazwa mwaka 2011 uliwakuta wengi wakiwa na iodini pungufu. Mwaka uliofuata vipimo vilionyesha kwamba maziwa ya mashamba ya kilimo-hai, ambako ng'ombe hula zaidi malisho yenye klova na vyakula vichache vya kiwandani, yalikuwa na iodini pungufu kwa asilimia 42 kuliko maziwa ya kawaida. Yalikuwa maziwa mazuri na safi. Hori ndilo lililokuwa tofauti.

Mahali pa tatu ni Tasmania, kisiwa cha Australia, na huko mkono ulioleta iodini haukuwa wa hori. Katikati ya miaka ya 1960 madaktari waliona wagonjwa wengi ambao tezi zao zilikuwa zikifanya kazi kupita kiasi: mapigo ya moyo ya kasi, kukonda, kutetemeka. Lawama iliangukia mkate, kwa sababu mwaka 1966 serikali iliamuru mkate utiwe iodini. Lakini ongezeko lilikuwa limeanza kabla ya mkate huo. Walipochunguza zaidi, walikuta kwamba wafugaji walikuwa wameanza kusafisha viwele na vyombo vya kukamulia kwa dawa zenye iodini, na maziwa yalikuwa yamebeba mabaki yake. Miaka mingi baadaye viwanda vya maziwa vya Australia na New Zealand vilihamia dawa nyingine, na upungufu wa iodini ukarudi, hata nchi zote mbili zikalazimika mwaka 2009 kuagiza chumvi yenye iodini itumike katika mkate. Mataifa mawili yalikuwa yamepata sehemu kubwa ya iodini yao kwenye kikombe cha kuchovya chuchu, na yalipokibadilisha hakuna aliyehesabu hasara.

Kikombe cha kuchovya chuchu

Kwa nini mfugaji apake iodini kwenye kiwele? Kwa sababu tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda baada ya kukamua, na vijidudu vya matope na mavi hupanda kupitia hapo na kusababisha ugonjwa wa kiwele. Kiwele huvimba na kupata joto, maziwa hutoka na mabonge au damu, na robo nzima ya kiwele huweza kufa isitoe maziwa tena. Dawa zenye iodini, ambazo huitwa iodofori, huua vijidudu hivyo kwa haraka. Nyingi huwa na iodini ya nusu hadi asilimia moja. Ni dawa nzuri, na hakuna neno katika sura hii linalomwambia mfugaji aiache.

Namna ya kuitumia ndiyo inayoamua kiasi kinachoishia ndooni. Chuchu zikichovywa baada ya kukamua, na kabla ya ukamuaji unaofuata zikaoshwa na kufutwa vizuri, ongezeko la iodini katika maziwa huwa dogo. Zikichovywa kabla ya kukamua na zisifutwe kikamilifu, dawa iliyo kwenye ngozi hushuka moja kwa moja na maziwa. Dawa ikinyunyizwa badala ya kuchovywa, hutapakaa eneo kubwa la ngozi na mabaki huongezeka zaidi. Sehemu nyingine hupenya ngozi ya chuchu na kuingia mwilini. Kwa hiyo wafugaji wawili wenye dawa moja na ng'ombe wa malisho yale yale huweza kupeleka sokoni maziwa tofauti kabisa, kwa sababu mmoja ana kitambaa safi na mwenzake hana.

Hapo ndipo pa kuonya. Mtu aliyesoma habari za Tasmania anaweza kusema: basi tuwape watoto iodini kwa kutofuta viwele. Hilo ni kosa. Iodini ya namna hiyo haina kipimo. Leo ni nyingi, kesho hakuna. Inakuja pamoja na dawa nyingine zilizochanganywa katika iodofori, na chuchu isiyofutwa hudondosha pia uchafu uliolowekwa. Usafi wa kiwele una kazi yake, nayo ni maziwa salama na ng'ombe mzima. Iodini ya chakula ina njia nyingine.

Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Ng'ombe wengi wa kienyeji hawashushi maziwa bila ndama. Ndama hunyonya kidogo mwanzoni, mkamuaji hufuata, kisha ndama hurudi kumalizia. Mfugaji akichovya chuchu mara tu baada ya kukamua, ndama atailamba dawa yote na kinga itakuwa imepotea bure. Wakati wa kuchovya ni baada ya ndama kuondolewa, na baada ya hapo ng'ombe apewe majani mapya ili abaki amesimama mpaka matundu ya chuchu yafunge. Kitambaa kiwe kimoja kwa kila ng'ombe. Michirizi ya kwanza ikamuliwe kwenye chombo cheusi ili mabonge yaonekane, isiwe chini wala mkononi. Watu wa Beni waliopita katika Ebola ya 2018 hadi 2020 walinawa kwa maji ya klorini kwenye kila mlango wa kanisa, shule na soko. Hawahitaji kufundishwa tena kwamba ugonjwa husafiri kwa mikono. Wanachohitaji ni kupata sabuni, maji safi na dawa kwa bei ambayo maziwa ya ng'ombe wawili yanaweza kuilipa.

Nyingi mno nayo ni hatari

Tasmania ilikuwa mbali, lakini Kivu ina habari yake yenyewe. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha taarifa ya watafiti, miongoni mwao Pierre Bourdoux na Mukalay wa Mukalay, kuhusu watu wa Kivu waliopata ugonjwa wa tezi kuzidisha kazi baada ya chumvi yenye iodini kuingia. Tezi iliyoishi miaka mingi na njaa ya iodini huota mavimbe yanayojifanyia kazi bila kusikiliza amri za mwili. Iodini ikija ghafla na kwa wingi, mavimbe hayo huitumia yote na kufurika homoni. Wanaoathirika zaidi ni watu wazima wenye rovu la siku nyingi.

Habari hiyo haikuwa sababu ya kuiacha chumvi yenye iodini, na Kongo haikuiacha. Kwa kila mtu aliyepatwa na tatizo hilo, watoto wengi walizaliwa na ubongo uliokingwa. Ilikuwa sababu ya kupima. Chumvi ina faida kubwa kuliko maziwa katika jambo hili: kila mtu huila, huila kila siku, kwa kiasi kinachokaribiana, na kiwanda kinaweza kuijua iodini iliyomo. Ndiyo maana nchi baada ya nchi, kuanzia Uswisi mwaka 1922, iliichagua.

Hesabu ya hori la Eringeti

Kwa vizazi vingi chumvi ya Wanande wa Beni na Butembo ilitoka Katwe, ziwa la chumvi lililo upande wa Uganda, ikivuka Semuliki vichwani mwa wachukuzi. Ilitia ladha, lakini haikutiwa iodini. Leo chumvi nyingi ya huko huingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasindi, na sehemu yake imetoka katika mabwawa ya pwani ya Kenya, nchi iliyolazimisha chumvi kutiwa iodini tangu miaka ya 1970. Pakiti hiyo ndiyo iodini ya kwanza ya familia ya Eringeti, na inastahili kutunzwa: iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi wa jiko, itiwe chunguni mwishoni mwa mapishi. Chumvi ya kupimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi mvuani huwa imeshapoteza sehemu ya kilichoongezwa.

Ng'ombe je? Wataalamu wa lishe ya mifugo hukadiria kwamba ng'ombe wa maziwa anahitaji iodini ya miligramu nusu hivi kwa kila kilo ya chakula kikavu. Tuchukue ng'ombe mdogo anayekula kilo 8 za chakula kikavu kwa siku: anahitaji miligramu 4. Mfugaji akimpa gramu 40 za chumvi ya mezani yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, amempa miligramu 1.2. Ni chini ya theluthi. Nyasi za udongo uliofuliwa na mvua zitaongeza kidogo, na zaidi ya hapo pengo hubaki. Kwa hiyo chumvi ya jikoni inamsaidia ng'ombe, lakini haitoshi, na anayemlisha maganda ya muhogo hata hicho kidogo anakizuia. Kinachoziba pengo ni jiwe la kulamba lililotengenezwa kwa ajili ya mifugo, lenye iodini iliyoandikwa kwenye lebo. Jiwe jeupe lisilo na lebo huenda likawa chumvi tupu.

Ng'ombe mwenyewe hutoa dalili. Ndama akizaliwa dhaifu, na manyoya machache au uvimbe shingoni, au mimba zikiharibika na kondo la nyuma likikawia kutoka, iodini ni miongoni mwa mambo ya kwanza ya kuuliza. Mwenye ng'ombe huyo atapata faida yake kwanza zizini, kabla hata hajafikiria mnunuzi wa maziwa.

Na mnunuzi? Kikombe cha robo lita cha maziwa yenye mikrogramu 50 kwa lita kina mikrogramu 12 hivi, jambo dogo sana. Kikombe hicho hicho cha maziwa yenye 200 kwa lita kina 50, zaidi ya nusu ya mahitaji ya mtoto mdogo kwa siku. Iodini hukaa katika maji ya maziwa, si katika mafuta, kwa hiyo kuondoa malai hakuipunguzi sana, na samli haina cha kuhesabu. Anayetengeneza jibini, kama wale wa vilima vya Masisi, huiacha iodini nyingi katika maji ya jibini, na maji hayo mara nyingi hunywewa na nguruwe. Maziwa ya unga yanayouzwa madukani Eringeti yamebeba hori la nchi yalikotoka. Maziwa ya ng'ombe wa jirani yanabeba hori la jirani.

Yote haya yana mpangilio, na mwenye fedha kidogo ndiye anayeuhitaji zaidi. Kwanza ni chumvi ya familia, hasa ya mama mjamzito, kwa maana ubongo wa mtoto haungoji ng'ombe anunuliwe. Pili ni muhogo: maganda na majani yakaushwe juani siku kadhaa kabla ya kupelekwa horini, mizizi ya kula ilowekwe siku tatu, sombe, yaani majani ya muhogo ya kula, itwangwe na kuchemshwa sana. Muhogo si adui. Pale iodini inapotosha na sumu inapoondolewa, watu na ng'ombe huula bila madhara kwa tezi. Tatu ni jiwe la kulamba lenye lebo. Nne ni kikombe cha kuchovya chuchu, kwa ajili ya afya ya kiwele peke yake, na kitambaa safi cha kufuta kabla ya kukamua.

Kisha ipimwe. Butembo ina Université Catholique du Graben, yenye wasomi wa kilimo na wa tiba. Maziwa ya Lubero, ya Beni na ya wafugaji wachache wa Eringeti yanaweza kukusanywa katika msimu wa mvua nyingi na msimu wa mvua chache, pamoja na kumbukumbu ya kilichokuwa horini siku hiyo na kilichopakwa kwenye kiwele. Uingereza na Tasmania zilipata iodini bila kujua, na zikaipoteza bila kujua. Nchi iliyomfundisha ulimwengu, kupitia Idjwi, jinsi muhogo na iodini vinavyopambana haipaswi kuishi kwa bahati ya namna hiyo. Mpaka vipimo hivyo vitakapopatikana, mnunuzi wa maziwa asiishie kuuliza bei. Amuulize mwenye ng'ombe: mnyama wako analishwa nini, na chumvi yake ni ipi?